Mlango wa Nakshi Ndani ya Faili: Kubadilisha Fomati za Picha Bila Kuziharibu

Picha ya mlango wa nakshi inapigwa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kwa iPhone. Inatumwa kwa WhatsApp mpaka Shela, kwa mwenye nyumba ya wageni. Yeye anaipiga skrinishoti ili aondoe maneno yaliyo pembeni, kisha anaituma kwa baruapepe kwa fundi wa tovuti. Fundi anaona faili ni ya fomati ya PNG, yaani aina moja ya faili za picha, na tovuti inadai aina nyingine, JPG. Anafuta herufi za mwisho za jina, anaandika .jpg, anapakia. Picha inapotokea, kama itatokea, maua yaliyochongwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, yameshikana kama uji, ukuta mweupe wa chokaa una mabaka, na rangi ya mti imepauka.

Kila aliyeishika picha hiyo aliamini anapeleka picha ileile. Kumbe imepita milango mitatu. WhatsApp iliipunguza vipimo na kuibana upya. Skrinishoti ilichukua kile kioo cha simu kilichoonyesha wakati ule, pikseli (nukta ndogo za rangi) za kioo badala ya pikseli za kamera. Na kule kubadili jina hakukugusa chochote ndani ya faili. Milango miwili ya kwanza ilichukua kitu kisichorudi. Wa tatu ulikuwa mlango wa kuchorwa ukutani.

Kubadilisha fomati ya picha ni kuamua nini kipotee. Mara nyingine jibu ni kwamba kisipotee chochote, na ziko fomati za kulitimiza jibu hilo. Tatizo ni kwamba programu haikuulizi. Huamua yenyewe kimyakimya, nawe unakuja kugundua siku bango limeshachapishwa. Kwa mji kama Lamu, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, picha nyingi tunazopitishiana ni za vitu ambavyo kesho huenda visiwepo: dari ya boriti inayobonyea, zidaka zinazomomonyoka, hati iliyoliwa na mchwa nusu ukurasa. Picha hizo zinastahili uangalifu.

Jina ni jina tu

Faili ya picha hujitambulisha kwa baiti zake za mwanzo, wala si kwa herufi zilizo baada ya nukta. JPEG, ndiyo hiyohiyo JPG, huanza na FF D8 FF. Katika PNG, baiti ya pili, ya tatu na ya nne ni herufi P, N na G. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. TIFF huanza na II au MM. WebP huanza na RIFF, kisha mbele kidogo utaona WEBP. HEIC ya iPhone huwa na herufi ftyp kuanzia baiti ya tano, na mara nyingi zikifuatiwa na heic. Ukiwa na shaka, fungua nakala ya faili kwa Notepad, utaona herufi hizo mstari wa kwanza katikati ya takataka nyingine (isipokuwa FF D8 FF ya JPEG, ambazo ni namba za baiti, si herufi). Ifunge bila kuhifadhi, maana ukihifadhi humo umeiua.

Hii ndiyo sababu ya kituko kinachowasumbua wengi: picha inafunguka vizuri kwenye simu, lakini fomu ya mtandaoni inaikataa na kusema faili si halali. Simu husoma baiti na kupuuza jina. Fomu hulinganisha jina na baiti, ikiona havipatani hukataa. Dawa ni kuifungua picha katika programu ya picha na kuihifadhi upya kwa fomati inayotakiwa, kwa amri ya kuhamisha au kuhifadhi kama.

Jambo jingine dogo linaloangusha tovuti: seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Mlango.JPG na mlango.jpg kwake ni faili mbili. Kwenye kompyuta yako ya Windows kila kitu kinaonekana, ukipandisha mtandaoni picha nusu hazipo. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, na mistari katikati: mlango-mkomani-01.jpg.

JPEG, makuti na kanga

JPEG imekuwa kiwango tangu 1992 na bado ndiyo inayobeba picha nyingi duniani. Anayeelewa inavyofanya kazi ataelewa nusu ya matatizo ya kubadilisha picha.

Chukua kamera ya simu ya megapikseli 12. Picha yake ina pikseli 4032 kwa 3024, na kila pikseli ina thamani tatu: nyekundu, kijani na buluu. Zikiandikwa zote bila kubanwa ni megabaiti 36.6 hivi. JPEG huishusha hadi megabaiti 3 au 5. Hufanya hivyo kwa hatua. Kwanza hutenganisha mwanga na rangi, kwa sababu jicho la binadamu huona tofauti ya mwanga vizuri kuliko tofauti ya rangi. Kisha rangi mara nyingi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Halafu picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande huandikwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi, mapana na membamba. Mawimbi membamba, yaani yale yanayobeba chembechembe na kingo kali, ndiyo yanayotupwa. Namba ya ubora unayochagua ndiyo inayosema yatupwe kiasi gani.

Ndiyo maana faili mbili zenye vipimo sawa na ubora sawa hazilingani uzito. Piga picha ya bahari na mbingu ukiwa ufukweni Shela, halafu piga paa la makuti. Ya makuti inaweza kuwa nzito mara mbili au zaidi, kwa sababu kila ukuti una kingo zake na hakuna eneo tulivu la kubana. Mtu anayelazimisha picha zote ziwe kilobaiti 200 anaonea makuti na nakshi na kupendelea mbingu. Ni bora kushika ubora mmoja na kuacha uzito upande na kushuka wenyewe.

Ukuta wa chokaa nao una ugonjwa wake. Ni mweupe na tulivu, kivuli kinateleza juu yake polepole. Ukiubana sana, mteremko ule wa kivuli huvunjika ngazingazi na mipaka ya vipande vya 8 kwa 8 huanza kuonekana. Ubora chini ya 70 kwenye picha za ndani ya nyumba za mawe mimi siukubali.

Kanga hufichua ule upunguzaji wa rangi. Maandishi yake yakiwa mekundu juu ya nyeusi, au nyekundu ikipakana na buluu, kingo za herufi huchafuka hata kama ubora ni mzuri, kwa sababu rangi ina nusu tu ya pikseli kila upande. Anayeuza kanga mtandaoni na anataka jina lake lisomeke azime upunguzaji huo. Katika ImageMagick, programu ya bure inayobadilisha picha kwa amri za kuandikwa, ubora wa 90 na kuendelea huuzima wenyewe. Chini ya hapo ongeza agizo lake:

magick kanga.png -sampling-factor 4:4:4 -quality 85 kanga.jpg

Namba ya ubora si asilimia, na haifanani kati ya programu moja na nyingine. Photoshop ina kipimo chake cha 0 hadi 12. Themanini ya programu hii si themanini ya ile. Pima kwa macho: ikuze picha hadi asilimia 100, tazama kingo za nakshi na maandishi, usitazame picha nzima kwa mbali.

Kisha kuna swali la kuhifadhi tena na tena. Ukifungua JPEG na kuihifadhi kwa ubora uleule bila kugusa kitu, hasara ya mara ya pili ni ndogo. Lakini ukiikata pembeni au kuibadili vipimo, gridi ya vipande vya 8 kwa 8 haikai tena pale ilipokuwa, na kila kitu hubanwa upya juu ya majeraha ya zamani. Mara tano za namna hiyo zinatosha kuharibu uso wa mtu. Wala kuigeuza JPEG iliyoharibika kuwa PNG au TIFF hakuirudishii kitu; unapata faili kubwa inayohifadhi kwa uaminifu kamili ule uharibifu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kama unachotaka ni kuzungusha tu picha iliyolala ubavu, iko njia isiyopoteza. Programu ndogo iitwayo jpegtran huvipanga upya vipande vilevile bila kuvifungua:

jpegtran -rotate 90 -copy all -perfect kabla.jpg > baada.jpg

Agizo la -perfect huifanya ikatae kazi pale ambapo vipimo vya picha havigawanyiki sawasawa kwa ukubwa wa vipande, yaani 8 au 16. Ikikataa, ni heri ikatae kuliko ikuachie ukingo ulioharibika.

HEIC inayokataa kufunguka

HEIC ni mtoto wa kiwango cha HEIF cha mwaka 2015. Apple waliichukua kwa simu zao kuanzia iOS 11, mwaka 2017. Inabana vizuri: picha huwa na karibu nusu ya uzito wa JPEG inayolingana nayo. Shida ni kwamba ndani yake kuna ubanaji wa HEVC wenye hataza, kwa hiyo kompyuta nyingi za Windows haziifungui mpaka ziongezewe kiambatisho, na fomu nyingi za mtandaoni haziitambui kabisa.

Anayejua kwamba picha zake zote zitakwenda kwa watu wa Windows na Android aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Simu itapiga JPEG tangu mwanzo. Kwa picha zilizokwisha kupigwa, kwenye Mac amri hii inatosha:

sips -s format jpeg mlango.heic --out mlango.jpg

Kwingineko, ImageMagick yenye uwezo wa HEIC:

magick mlango.heic -auto-orient -quality 90 mlango.jpg

Usishangae JPG ikitoka nzito mara mbili ya HEIC. Haijaongezeka ubora, ni lugha isiyobana maneno vizuri kama ile ya kwanza. Na picha ikionekana bapa kidogo baada ya kubadilishwa, sababu mara nyingi ni kwamba iPhone huweka ndani ya HEIC ramani ya mwanga ya ziada, inayofanya jua juu ya maji ling'ae kwenye kioo cha simu, na ramani hiyo kwa kawaida haivuki kwenda JPG.

Rangi nayo ina mtego. Picha za iPhone hutumia uwanja wa rangi uitwao Display P3, mpana kuliko sRGB ya kawaida, na faili hubeba maelezo madogo yanayosema namba zake zisomwe kwa uwanja huo. Watu wengi hutumia agizo la -strip ili kupunguza uzito na kuondoa taarifa za siri. Agizo hilo hufuta na maelezo ya rangi pia. Namba zinabaki zilezile lakini sasa zinasomwa kama sRGB, na matanga mekundu ya mashua yanapauka. Kama unataka kuondoa mahali picha ilipopigwa tu, tumia exiftool, programu ya kusoma na kufuta maelezo yaliyomo ndani ya picha:

exiftool -gps:all= mlango.jpg

Nayo hukuachia nakala ya asili yenye _original mwishoni mwa jina, ambayo usiisahau ukaipandisha mtandaoni. Kuondoa mahali ni jambo la kuzingatia sana kwa picha za ndani ya nyumba za watu. Mlango wa zamani una thamani, na picha inayobeba vipimo vya GPS inamwonyesha kila mtu mlango huo uko nyumba gani.

PNG, uwazi na weusi usiotarajiwa

PNG ilizaliwa kwa ugomvi wa hataza. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys ilitangaza kudai malipo ya leseni kwa ubanaji wa LZW uliomo ndani ya GIF, na watu wa intaneti wakaamua kuunda fomati iliyo huru. Ilikamilika mwaka 1996. Haipotezi hata pikseli moja. Inafaa nembo, maandishi, ramani, skrinishoti, mchoro wa kofia kabla haujashonwa. Kwa picha ya kamera ni mzigo: ile ya megapikseli 12 inaweza kufika megabaiti 20, na mgeni anayefungua ukurasa wako kwa bando ataondoka kabla haijashuka.

Kosa la kila wiki ni nembo yenye mandhari wazi inayogeuzwa JPG na kutoka na mandhari meusi. JPEG haina uwazi. Pikseli zilizokuwa wazi zina namba za rangi zilizofichwa chini yake, mara nyingi sifuri tatu, na sifuri tatu ni nyeusi. Sema wazi unataka nini kijaze:

magick nembo.png -background white -alpha remove -alpha off nembo.jpg

Kama nembo ilichorwa kwa mistari ya kihesabu, yaani SVG, itunze hiyo kuliko kitu chochote. Kutoka SVG unatoa PNG ya ukubwa wowote, ya kadi au ya tanga la mashua. Kurudi nyuma hakuwezekani: programu zinazodai kugeuza PNG kuwa SVG huchora upya kwa kukisia, na mikunjo ya nakshi hutoka na vifundo.

GIF ina rangi 256 tu. Machweo ya Lamu yakitiwa humo hutoka michirizi. Kwa kipande kifupi cha mashindano ya mashua tumia video ya MP4.

WebP ya Google, ya mwaka 2010, ni nzuri kwa tovuti. Vivinjari vyote vikubwa vinaisoma, Safari ikiwa ya mwisho kuikubali mwaka 2020. Ukomo wake ni pikseli 16,383 kila upande, na programu za zamani za uchapishaji haziijui. Ukiitengeneza, itengeneze kutoka faili asili, usiitoe kwenye JPG iliyokwisha kubanwa kwa tovuti.

Hati za zamani na nukta zake

Hapa ndipo naomba msomaji atulie. Majumba mengi ya Lamu, Pate na Siyu yana karatasi: mikataba ya nyumba, barua, tungo, vitabu vya fiqhi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za kidijitali kupitia Endangered Archives Programme ya British Library, mradi namba EAP466. Zilizobaki majumbani zinapigwa kwa simu na kuskaniwa kwenye saiba, na uharibifu unaofanyika hapo hauonekani mpaka mtu aje kusoma.

Kila aliyekaa chuoni anajua ba, ta na tha ni kijiti kimoja, tofauti yake ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Nukta yenye upana wa milimita 0.7, ikiskaniwa kwa pikseli 150 kwa inchi, hupata pikseli 4 tu. Ikibanwa kwa JPEG ya ubora wa chini, vumbi linalozuka kuzunguka kila kingo huziunganisha nukta mbili zikawa moja, au huzua nukta ambayo mwandishi hakuitia. Kwa pikseli 400 kwa inchi nukta hiyohiyo hupata pikseli 11, na hapo inasomeka bila ubishi. Shika 400 kwa hati. Kwa picha ndogo za zamani za karatasi, 600.

Skani kwa rangi, hata kama karatasi inaonekana nyeusi na nyeupe. Mtindo wa nyeusi na nyeupe tupu, ambao mashine nyingi za ofisini huuchagua zenyewe kwa maandishi, hulazimisha kila pikseli iwe wino au karatasi. Wino uliofifia hupotea, doa la maji hugeuka maandishi, na vichwa vya wino mwekundu ama hutoweka ama hufanana na mengine yote.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nyaraka zilizoskaniwa: 6 ikitoka 8, safi kabisa, bila ukungu wa kumtia mtu shaka. Sababu ilikuwa ubanaji wa JBIG2, ambao hutafuta maumbo yanayofanana ukurasani, huhifadhi moja na kulibandika kila mahali. Xerox walitoa marekebisho. Lakini fikiria njia hiyo ikipewa ukurasa wa herufi za Kiarabu zinazotofautiana kwa nukta. Ukiona mashine au programu inakupa chaguo la PDF ndogo mno, usilichague kwa hati.

Faili mama ya hati iwe TIFF. Fomati hiyo ilianzishwa na Aldus mwaka 1986 na sasa iko mikononi mwa Adobe. Tumia ubanaji wa LZW au ZIP, usiopoteza. Ukiwa na biti 16 kwa kila rangi chagua ZIP, maana LZW hapo mara nyingi huongeza uzito. Baadhi ya programu hutoa chaguo la JPEG ndani ya TIFF: likatae, litakuachia jina la TIFF na hasara ya JPEG. Ukurasa wa A4 kwa 400 ni megabaiti 46 hivi kabla ya kubanwa. Daftari la kurasa 200 ni gigabaiti 9 na ushei, na TIFF ya kawaida haizidi gigabaiti 4 kwa faili, kwa hiyo kila ukurasa uwe faili yake: daftari-001.tif, daftari-002.tif.

Kutoka hapo ndipo unazaa nakala za kusomea. Kwa PDF, tumia img2pdf juu ya JPG ulizotoa kwenye TIFF. Yenyewe huziweka ndani kama zilivyo bila kuzibana tena:

img2pdf daftari-*.jpg -o daftari.pdf

Na kama umeletewa PDF iliyoskaniwa na unataka picha zake, usiichore upya. Amri hii ya Poppler, mkusanyiko wa zana za PDF, huzitoa picha zilizomo kama zilivyoingizwa:

pdfimages -all daftari.pdf ukurasa

Wengi hutumia ImageMagick wakapata kurasa zenye ukungu, kwa sababu isipoambiwa huchora PDF kwa 72 kwa inchi. Ukilazimika kuitumia, agizo la -density 300 litangulie jina la PDF. Likiwekwa nyuma halifanyi kazi iliyokusudiwa. Na namba hiyo ya pikseli kwa inchi ikibadilishwa juu ya picha iliyokwisha kupigwa, kutoka 72 hadi 300, haiongezi kitu. Ni maandishi ya pembeni tu. Pikseli ni zilezile.

Bango la Maulidi

Mfungo Sita ukikaribia, mabango huenda kuchapishwa Mombasa au Malindi, na mchapishaji huomba CMYK, yaani picha iliyoandikwa kwa rangi nne za wino wa kuchapia. Wino nne haziwezi kutoa samawati yote ya bahari ambayo kioo cha simu hutoa. Kufifia kidogo hakuepukiki. Kinachoepukika ni kufifia mara mbili. Mwulize mchapishaji anatumia profaili gani ya rangi, yaani maelezo yanayosema namba za rangi zisomweje. Kama hana jibu, mpelekee RGB (nyekundu, kijani na buluu, kama zilivyo kwenye simu) yenye profaili ya sRGB na uache mashine yake ibadilishe. Usigeuze CMYK ukairudisha RGB ukidhani rangi zitarudi. Na JPG ya CMYK usiitume kwa simu, programu nyingine huionyesha rangi zimegeuka kinyume.

Bango la mita 3 kwa mita 1, linaloonekana kwa mbali, linatosheka na pikseli 100 kwa inchi: 11,811 kwa 3,937. A4 ya kushikwa mkononi inataka 300, yaani 2480 kwa 3508.

Kazi ya mkupuo

Picha 200 za nyumba ya wageni hazibadilishwi moja moja. Zinakili zote kwenye folda mpya, ndani yake unda folda iitwayo jpg, kisha:

magick mogrify -path jpg -format jpg -auto-orient -resize "2000x2000>" -quality 82 *.heic

Alama ya > ndani ya nukuu inasema ipunguze tu, isikuze picha iliyo ndogo. Bila -auto-orient, picha nyingine zitalala ubavu kwenye tovuti, kwa sababu simu huandika mwelekeo pembeni badala ya kuzungusha pikseli zenyewe. Bila -path, mogrify ikipewa faili ambazo tayari ni JPG huandika juu ya asili palepale bila kuuliza. Hilo limewatoa watu machozi. Katika toleo la 6 amri kuu ya ImageMagick huitwa convert, na kwenye Windows jina hilo ni la programu nyingine ya kubadilisha diski, kwa hiyo weka toleo la 7 linalotumia magick.

Asiyependa amri atumie XnConvert, au IrfanView kwenye Windows. GIMP inafaa kwa picha moja moja. Squoosh hufunguka ndani ya kivinjari na hufanya kazi kwenye mashine yako mwenyewe, picha haitoki. Tovuti nyingine za kubadilisha faili huichukua picha mpaka kwenye seva zao. Picha ya jahazi haina neno. Kitambulisho, cheti cha ndoa, hati ya nyumba visipelekwe huko. Ukifanyia kazi saiba, futa faili kwenye Downloads na kwenye pipa la takataka kabla hujainuka kitini.

Picha 20 za megabaiti 4 ni megabaiti 80. Zikiwa na pikseli 2000 na ubora wa 82, nyingi zitashuka hadi kilobaiti 400 au 700, makuti na nakshi zikiwa juu zaidi. Mgeni anazifungua zote kwa megabaiti kumi na kitu.

Umeme ukikatika katikati ya mkupuo, faili iliyokuwa ikiandikwa hubaki nusu: juu picha, chini kijivu. Orodha ya folda haitakuonyesha hilo. Hesabu faili za kabla na za baada, kisha pitisha jpeginfo -c *.jpg, itataja zilizovunjika. Asili zibaki kwenye diski mbili tofauti, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Mwisho fungua picha chache kwenye simu dhaifu kuliko zote nyumbani, uzikuze. Kama ni mlango, tazama kama maua ya mfaa yameachana. Kama ni hati, tafuta neno lenye tha na uhesabu nukta zake tatu.